Kuhamisha picha za kale za kompyuta kwenda PNG, WebP na JPEG XL

Mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha mtaani kwetu alinikabidhi kasha la CD thelathini na kitu. Ndani mlikuwa na maharusi, picha za pasipoti, kadi za mwaliko na nembo za timu za mpira, vyote vimehifadhiwa kuanzia miaka ya tisini kwa fomati za enzi hizo: BMP, PCX, TGA na TIFF. Alitaka kitu kimoja tu, wajukuu wa watu wale waweze kuzifungua kwenye simu. Simu haiijui PCX.

Mwongozo huu ni njia niliyoifuata, pamoja na mahali nilipokwama. Amri zake ni za Linux. Mwenye Windows atazitumia kupitia WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux ndani yake. Kama hutaki kabisa kuandika amri, XnConvert na IrfanView hubadilisha picha nyingi kwa mkupuo kwa kubofya tu. Hata hivyo sehemu za kunakili, kutambua na kukagua zinakuhusu, maana huko ndiko picha zinakopotelea. Kugeuza PCX kuwa PNG ni amri ya mstari mmoja. Kazi ni kujua kwa hakika kwamba PNG hiyo imebeba kila pikseli iliyokuwemo kwenye PCX.

Zana

sudo apt install imagemagick webp libjxl-tools libimage-exiftool-perl gddrescue xxd

ImageMagick ndiyo mhimili. John Cristy aliianza mwaka 1987 akiwa DuPont, na mpaka leo inasoma fomati ambazo kampuni zilizozibuni zilishatoweka. Toleo la 7 huitwa kwa neno magick. Ukikuta mashine yako ina toleo la 6, andika convert mahali pa magick, na amri za identify, compare na montage ziandike bila magick mbele yake. Ukiwa kwenye Windows yenyewe, nje ya WSL, usiandike convert hata kidogo: Windows ina convert yake, na kazi yake ni kugeuza diski kutoka FAT kwenda NTFS.

Hatua ya 1: Nakili, kisha piga muhuri

Usifanye kazi juu ya CD wala juu ya nakala pekee uliyonayo. Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usiizungushe, kisha ichukue nzima nzima:

ddrescue -b 2048 -r 3 /dev/sr0 cd01.iso cd01.map

Faida ya ddrescue ni kwamba haikati tamaa ikikutana na mkwaruzo. Huchukua kwanza yote yanayosomeka, halafu hurudi kwenye yaliyogoma, na faili ya map hutunza kumbukumbu ya ilipofikia. Unaweza kuitoa CD, kuisafisha tena, hata kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, na kazi ikaendelea palepale ilipoishia. CD mbili katika zile za mzee zilisomeka zote kwa njia hiyo, baada ya kugoma kabisa kwenye kompyuta ya kwanza.

Fungua cd01.iso, ile faili yenye nakala ya CD nzima, weka faili zake kwenye folda uiite asili, kisha:

find asili -type f -exec sha256sum {} + > muhuri.txt
chmod -R a-w asili

Mstari wa kwanza unakokotoa namba ndefu kwa kila faili. Ikibadilika baiti moja tu ndani ya faili, namba yake yote inabadilika. Mstari wa pili unafunga folda isiandikwe. Siku yoyote ukiwa na wasiwasi, andika sha256sum -c --quiet muhuri.txt. Ikikaa kimya, kila kitu kiko salama.

Nasisitiza kufuli hiyo kwa sababu niliwahi kupoteza picha za ukoo wetu kwa amri moja. Niliandika mogrify -resize 800x600 nikiwa ndani ya folda yenyewe ya picha. Mogrify haiundi faili mpya pembeni, inaandika juu ya ileile. Picha za skana za pikseli elfu tatu zikabaki za mia nane, na nakala nyingine haikuwepo. Sitaki likupate.

Hatua ya 2: Ijue faili kwa yaliyomo, usiiamini kwa jina

Herufi tatu za mwisho wa jina aliziandika mtu, na mtu hukosea. Faili nyingi hujitambulisha zenyewe kwenye baiti zake za mwanzo. BMP huanza na herufi BM. GIF huanza na GIF87a au GIF89a. TIFF huanza na II au MM, ikifuatiwa na namba 42. PCX, fomati ya ZSoft na programu yao ya PC Paintbrush, huanza na baiti 0a. TGA ya Truevision haina alama ya mwanzo. Zile za toleo la pili zina maneno TRUEVISION-XFILE mkiani. Amri moja inakupa orodha ya zote:

find asili -type f -exec file {} + > aina.txt

Isome aina.txt mstari kwa mstari. Mimi nilikuta HARUSI07.BMP ambayo haikuwa BMP. Nilipoichungulia kwa xxd -l 16 HARUSI07.BMP, zana inayoonyesha baiti za faili, ikatoka hivi:

00000000: ffd8 ffe0 0010 4a46 4946 0001 0101 0048  ......JFIF.....H

Baiti ff d8 mwanzoni na neno JFIF ni JPEG tupu. Mtu aliibadilisha jina tu. Jambo hili lina uzito, kwa sababu JPEG tunaishughulikia kwa njia tofauti kabisa na BMP, kama utakavyoona hatua ya 6.

Hapohapo pima kama faili ni nzima. BMP ya kawaida ya biti 24 haijabanwa, kwa hiyo ukubwa wake unajulikana kwa hesabu ya kidato cha kwanza. Picha ya pikseli 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Kila moja inachukua baiti 3, jumla 921,600. Ongeza baiti 54 za kichwa cha faili, unapata 921,654. Ukiona faili ya vipimo hivyo ina baiti laki saba, imekatwa. Tena BMP kwa kawaida huhifadhi mistari kutoka chini kwenda juu. Faili iliyokatika mkiani inakupa viatu vya bwana harusi na zulia, lakini nyuso hazimo. Ndiyo maana picha ya aina hii ikiwa na utepe mweusi juu, usiseme kamera ilikosea. Rudi kwenye CD ukaisome tena kwa ddrescue.

PCX yenye rangi 256 inaumwa kwa namna nyingine. Orodha yake ya rangi iko mwisho kabisa wa faili, baiti 769, na baiti ya kwanza ya kipande hicho lazima iwe 0c. Ijaribu:

tail -c 769 NEMBO.PCX | xxd -l 1

Usipoiona 0c kwenye PCX ya rangi 256, mkia umekatika, na nembo ya bluu na njano itafunguka kwa rangi zisizo zake. Umbo litabaki zima, na hapo ndipo mtu anapodanganyika akadhani ndivyo ilivyochorwa.

Mwisho wa hatua hii chukua vipimo:

magick identify -format "%f %m %wx%h biti %z %[colorspace] %C\n" asili/* > vipimo.txt

Herufi %C inakutajia namna faili ilivyobanwa, na %z idadi ya biti kwa kila rangi. Faili ikitoa mistari miwili au zaidi, ina picha zaidi ya moja ndani yake.

Hatua ya 3: Chagua unakokwenda

Nasaha yangu ni kutenganisha picha mama na picha ya kutembezwa. Picha mama haipotezi kitu chochote, haipunguzwi ukubwa, hairembwi. Ya kutembezwa ni nyepesi, na ikiharibika unatengeneza nyingine kutoka kwa mama.

Kwa picha mama chaguo langu ni PNG. Vipimo vyake vilitoka mwaka 1996, baada ya mzozo wa hataza ya ubanaji uliotumika ndani ya GIF, na leo hakuna kivinjari, simu wala programu ya kuhariri isiyoifungua. Inabana bila hasara, inabeba biti 8 au 16 kwa kila rangi, na inaruhusu sehemu za picha kuwa wazi kama kioo. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haijui CMYK, zile rangi nne za wachapaji.

WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, ni ya kutembezwa. Nyepesi sana, lakini ni ya biti 8 tu na haivuki pikseli 16,383 kwa upande. Skana ya biti 16 ukiitia kwenye WebP umeshaipunguza hata kama uliomba kubana bila hasara. AVIF ya mwaka 2019 nayo ni nyepesi mno kwa picha za kawaida, ila kwa kazi hii sikuihitaji.

JPEG XL naipenda kwa sababu moja nitakayoieleza kwenye JPEG.

Na TIFF? Wengi huihesabu fomati ya kale ya kukimbiwa. Siafiki. Aldus waliitoa mwaka 1986, toleo la 6.0 ni la 1992, na bado inafunguka kwenye programu nyingi za picha. Kama unazo TIFF za skana zinazofunguka vizuri na nafasi ipo, ziache zilivyo utengeneze WebP za kutembezwa tu. Nyaraka nyeusi na nyeupe zilizobanwa kwa njia ya faksi, ile ambayo identify huiita Group4, mara nyingi hazitapungua chochote ukizipeleka PNG.

Hatua ya 4: Moja kwanza, halafu folda nzima

magick asili/NEMBO.PCX jaribio.png
magick compare -metric AE asili/NEMBO.PCX jaribio.png null:

Amri ya pili inahesabu pikseli zinazotofautiana. Jibu tunalotaka ni 0. Toleo jipya litaandika 0 (0), ni lilelile. Ikitoka namba nyingine yoyote, simama hapo, tafuta sababu.

Ukiridhika, tia hii kwenye skripti na uiendeshe kwa bash:

shopt -s nullglob nocaseglob
mkdir -p mpya
for f in asili/*.pcx asili/*.bmp asili/*.tga; do
  jina=$(basename "$f")
  magick "$f" "mpya/$jina.png" &&
  magick compare -metric AE "$f" "mpya/$jina.png" null: 2>/dev/null &&
  touch -r "$f" "mpya/$jina.png" ||
  echo "$f" >> makosa.txt
done

Kuna mambo matatu humo usiyaondoe. Neno nocaseglob lipo kwa sababu faili za enzi za DOS ziliandikwa kwa herufi kubwa, na Linux haioni PCX na pcx kuwa kitu kimoja. Bila neno hilo skripti itamaliza upesi na kukuachia folda tupu. Jina jipya linabaki na mkia wa zamani, NEMBO.PCX.png, kwa makusudi: studio nyingi zilikuwa na NEMBO.PCX na NEMBO.BMP kwenye folda moja, na ukikata mkia, ya pili inaifuta ya kwanza bila kukuuliza. Na touch -r inahamisha tarehe ya faili ya zamani kwenda kwenye mpya. PCX haina mahali pa kuandikia tarehe ya picha, kwa hiyo tarehe ya faili mara nyingi ndiyo habari pekee uliyonayo ya lini harusi ilifungwa.

Fanya folda moja moja. Kila faili iliyoshindwa kugeuka au iliyotoka na pikseli tofauti utaikuta kwenye makosa.txt.

Ikitokea ujumbe wa cache resources exhausted, faili yako haina ubaya. Debian na Ubuntu huiwekea ImageMagick mipaka ya kumbukumbu, na skana kubwa huivuka. Ongeza viwango vilivyomo kwenye policy.xml ndani ya folda ya ImageMagick chini ya /etc.

Hatua ya 5: Zile zinazogoma

TIFF yenye kurasa nyingi itoe kwa namba:

magick asili/BARUA.TIF mpya/BARUA.TIF-%02d.png

Angalia vipimo kabla ya kufurahi kwamba umepata ukurasa wa pili. Programu nyingine ziliweka ndani ya TIFF picha ndogo ya kuchungulia, ya pikseli mia na kitu. Hiyo si ukurasa, iache.

TIFF za CMYK zilitoka kwa wachapaji. Zihifadhi kama zilivyo, hiyo ndiyo mama. Ya kutazamia itengeneze kwa kubadili profaili ya rangi, yaani maelezo ya namna rangi zinavyopaswa kuonekana, ikiwa picha ina profaili yake ndani na unayo faili ya sRGB.icc:

magick asili/BANGO.TIF -profile sRGB.icc mpya/BANGO.TIF.png

Hapa compare haitakupa sifuri, na haipaswi kukupa, rangi zimetafsiriwa. Tumia macho.

BMP na TGA za biti 32 zina mtego ulionipotezea siku nzima. Baiti ya nne ya kila pikseli ni ya uwazi, lakini programu nyingine za zamani ziliijaza sifuri tu bila kuitumia. Fomati mpya inaiheshimu ile sifuri: picha nzima inakuwa wazi kama kioo. Compare itasema sawa, kwa kuwa ya zamani na mpya zote zina sifuri zilezile, nawe ukifungua PNG unakutana na weupe mtupu. Picha imo, imefunikwa. Itoe hivi:

magick asili/KADI.TGA -alpha off mpya/KADI.TGA.png

PCX za pikseli 320 kwa 200 zilichorwa kwa ajili ya skrini za uwiano wa 4 kwa 3, ambako kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Kwenye skrini ya leo nyuso zinaonekana zimebonyezwa. Usiiguse mama, nakala ya kutembezwa ndiyo uinyooshe iwe 320 kwa 240, kwa -resize '320x240!'.

Ukiwa na Photo CD za Kodak, zilizoingia sokoni mwaka 1992, faili moja ya PCD ina ukubwa kadhaa wa picha ileile. Ukipata pikseli 768 kwa 512, umechukua wa katikati. Wa 3072 kwa 2048 huenda bado umo ndani. PICT za Macintosh ni habari nyingine: nyingi ni maagizo ya kuchora zaidi ya kuwa pikseli, na GraphicConverter kwenye Mac huzielewa kuliko ImageMagick. GIF zinazocheza zipitishe kwa gif2webp.

Baada ya yote tandaza picha zote kwenye karatasi moja uzipitishe macho:

magick montage -label '%f' mpya/*.png -geometry 200x200+6+6 -tile 6x8 karatasi.jpg

Dakika ishirini za kuangalia karatasi hizo zilinionyesha kadi tatu nyeupe na maharusi mmoja asiye na kichwa. Compare ilikuwa imezipitisha zote.

Hatua ya 6: JPEG isiende PNG

Kilichopotea siku JPEG ilipohifadhiwa hakirudi. Ukiigeuza PNG, faili inavimba mara kadhaa na madoa yaleyale yanabaki. Ama iache ilivyo, ama ipeleke JPEG XL, ambayo inaweza kuipanga upya data ya JPEG na kupunguza kama asilimia 20 ya uzito bila kugusa chochote, na ukitaka inakurudishia JPEG yako baiti kwa baiti:

cjxl HARUSI07.jpg HARUSI07.jxl
djxl HARUSI07.jxl rudi.jpg
cmp HARUSI07.jpg rudi.jpg

Cmp ikinyamaza, ni ileile. Itumie kwa hifadhi. Kwa kutembeza bado mapema: Safari iliipokea mwaka 2023, mwaka uleule Chrome ilipoiondoa.

Hatua ya 7: Nakala za kutembezwa, na majina

mkdir -p simu
for f in mpya/*.png; do
  magick "$f" -resize '1600x1600>' -quality 82 "simu/$(basename "$f" .png).webp"
done

Alama ya > inazuia picha ndogo isivutwe kuwa kubwa. Kwa nembo na michoro yenye kingo kali ongeza -define webp:lossless=true, la sivyo utaona ukungu kuzunguka herufi. Kwa wa WhatsApp nawatengenezea JPEG. WebP huko imezoeleka kwa stika.

TIFF zilizo na maelezo ndani yake, hakikisha yamehamia kwa exiftool, zana ya kusoma na kuandika maelezo ndani ya faili za picha:

exiftool -TagsFromFile asili/SKANA12.TIF -all:all mpya/SKANA12.TIF.png

Halafu kaa na mwenye picha. Mimi nilikaa na mzee jioni tatu, nikifungua picha moja moja, naye akitaja: huyu bi harusi, huyu mjomba wake, hapa ni nyuma ya msikiti kabla haujajengwa upya. Kila alichosema nilikiandika ndani ya faili yenyewe:

exiftool -XMP-dc:Description="Bi harusi na mjomba wake, nyuma ya msikiti wa zamani" mpya/HARUSI11.BMP.png

Exiftool inaacha pembeni nakala yenye mkia _original. Ifute baada ya kuhakikisha maelezo yameingia. Folda za asili na mpya, pamoja na muhuri.txt, ziko kwenye diski mbili za nje, moja kwangu na moja kwake, na CD tumezirudisha kwenye kasha lake.